Oili ya Injini kwa Gari Lililotembea Sana

Mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa Buswelu wilayani Ilemela, alifika ofisini kwetu akiwa na bahasha ya kaki na swali moja. Gari lake, Toyota IST ya mwaka 2003, lilikuwa limenoki injini njiani kati ya Kisesa na Magu, na ndani ya bahasha mlikuwa na makadirio ya bei ya injini nyingine iliyotumika. Alitaka kujua kama alikuwa na haki ya kumdai mtu yeyote. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amebadilishiwa oili katika gereji ya mtaani. "Fundi aliniambia, mwalimu, gari hili limeshazeeka, tuliwekee uji mzito," alitueleza. Uji mzito wenyewe ulikuwa oili iliyoandikwa 20W-50. Kopo lilibaki gereji, risiti hakupewa, na tangu siku ile hakuna aliyevuta kijiti cha kupimia ili kuona kiwango cha oili kilichobaki. Siku ya safari, taa nyekundu ya oili iliwaka alipokata kona, ikazimika, ikawaka tena. Aliendelea kuendesha akitumaini kupata fundi Magu.

Hatukuweza kumsaidia kudai chochote. Pasipo kopo wala risiti hapakuwa na bidhaa ya kupeleka maabara wala muuzaji wa kuhojiwa. Tulichoweza kufanya ni kuketi naye na kufuatilia mahali mambo yalipoharibikia, na mazungumzo yale ndiyo chanzo cha somo hili. Tumelikusudia kwa wamiliki wa magari yaliyoingia nchini yakiwa tayari yametumika, ambayo sasa yana umri wa miaka kumi na tano, ishirini au zaidi, na ambayo bado yanapanda kilima cha Bugando kila asubuhi.

Namba zilizo juu ya kopo

Sehemu za injini zinazosuguana hutenganishwa na utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, utando hukatika na chuma hugusana na chuma. Ikiwa nzito kupita kiasi, huchelewa kufika inakohitajiwa, na pampu hulazimika kuisukuma kwa nguvu inayotokana na petroli yako. Uzito huu, ambao wahandisi huuita mnato, hupangwa kwa madaraja ya SAE, chama cha wahandisi wa magari chenye asili yake Marekani. Ndiyo maana kila kopo huwa na maandishi kama 5W-30, 10W-40 au 20W-50.

Namba ya mwisho hueleza uzito wa oili injini ikiwa imeshapata moto, na kipimo chake huchukuliwa katika nyuzi joto 100 za Selsiasi. Oili ya daraja la 30 lazima iwe na mnato usiopungua 9.3 na usiofika 12.5, kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Daraja la 40 huanzia 12.5 na kuishia kabla ya 16.3, na daraja la 50 huanzia 16.3 hadi karibu 21.9. Tumezitaja tarakimu hizi kwa sababu moja. Kila daraja ni eneo pana, si nukta. Oili mbili zinaweza kuwa na madaraja tofauti huku mnato wao ukikaribiana sana, na nyingine mbili zikawa na daraja lilelile huku moja ikiwa nzito waziwazi kuliko mwenzake. Hata hivyo, anayetoka 30 na kurukia 50 hapandi ngazi moja, na katika hali nyingi anaweka katika injini oili yenye mnato unaozidi ule wa awali kwa nusu yake au zaidi.

Namba ya kwanza, inayofuatwa na herufi W, inahusu baridi. Oili ya 5W hupimwa kama inaruhusu injini kuzunguka katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Hapa ndipo hoja maarufu ya gereji zetu huanzia: Mwanza hakuna theluji, kwa hiyo namba hiyo si yetu. Hoja hiyo ina ukweli wake, na hatupendi kumdharau fundi anayeitoa. Jiji letu liko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, ziwa hutuliza hali ya hewa, na hata alfajiri ya mwezi Julai hakuna baridi ya kugandisha oili yoyote. Lakini injini iliyolala usiku kucha ikiwa na nyuzi 18 iko mbali sana na zile nyuzi 100. Katika hali ya ubaridi huo, oili ya 20W-50 kwa kawaida huwa na mnato unaozidi maradufu ule wa 5W-30. Sekunde chache za kwanza baada ya kuwasha, kabla oili haijapanda hadi kichwa cha injini, ni wakati ambao chuma husuguana pasipo ulinzi wa kutosha. Kwa gari la mjini linalowashwa na kuzimwa mara kumi kwa siku, kutoka Nyegezi hadi Kirumba, kutoka Kirumba hadi Igoma, sekunde hizo hujumlishana.

Jambo la pili halikuwapo enzi za Datsun na Peugeot 504. Injini nyingi za Toyota zilizoingia nchini katika miaka ishirini iliyopita, ikiwamo ile ya IST, zina mfumo wa VVT-i unaotumia presha ya oili yenyewe kubadili wakati wa kufunguka kwa valvu. Oili hupita katika vijia vyembamba na katika kichujio kidogo kabla ya kukiendesha kifaa hicho. Oili nzito kuliko ile iliyokusudiwa hukifanya kiitikie kwa uvivu. Dereva huona gari limekuwa zito kwenye mwinuko na petroli inakwisha haraka, akadhani ni uzee.

Kwa injini ya IST, kama kwa ndugu zake wengi wa kizazi hicho, mtengenezaji alipendekeza 5W-30 kuwa chaguo la kwanza. Kwa gari lako, jibu limo katika kitabu cha gari. Wengi hukitupa kitabu hicho kwa kuwa kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu na herufi za SAE husomeka katika lugha yoyote, na ukurasa wenye jedwali la oili hupatikana kwa kuzitafuta hizo tu. Kitabu kikiwa kimepotea, fungua boneti utazame kifuniko cha mahali pa kujazia oili, kwa kuwa watengenezaji wengi huandika daraja papo hapo juu ya kifuniko.

Daraja la ubora, ambalo husahaulika

Watu wengi hutaja uzito na kuishia hapo. Fundi akiulizwa ameweka oili gani, atajibu "forte" au "fifte". Lakini kopo lina maandishi mengine, madogo zaidi, yenye maana kubwa zaidi kwa injini iliyochoka. Hayo ni daraja la ubora la API, taasisi ya petroli ya Marekani. Kwa injini za petroli daraja huanza na herufi S, na herufi inayofuata huonyesha kizazi: SJ ilianza kutumika katika miaka ya tisini, SL mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo oili inavyokuwa na viambato bora vya kuosha tope, kuzuia kutu na kustahimili joto. Daraja jipya hukidhi mahitaji ya injini za zamani. Kinyume chake si kweli.

Bado yapo madukani makopo ya bei nafuu yenye maandishi SC, SD au SF, mara nyingi yakiwa na uzito mmoja tu, kama SAE 40 isiyo na W. API yenyewe inaeleza kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na kwamba SC haifai kwa zile za baada ya 1967. Kuiweka oili ya SC katika gari la mwaka 2003 ni kuipa injini dawa iliyotungwa kabla hata mbunifu wake hajamaliza shule. Oili ya namna hiyo haiwezi kubeba uchafu. Huuacha ukae chini ya kifuniko cha valvu na ndani ya sampo, yaani karai la chini ya injini, ukiwa tope jeusi mfano wa ugali ulioungua. Mwenye gari kuukuu akitulazimisha kuchagua kimoja kati ya uzito sahihi na daraja sahihi la ubora, tungemshauri akazanie daraja. Asikubali chini ya SL, na akipata SN au SP ni bora zaidi.

Injini za dizeli zina mfululizo wake unaoanza na herufi C, kama CF-4, CH-4 na CI-4, na wenye Canter na Hiace za dizeli wanapaswa kuufuata huo. Makopo mengi hubeba alama zote mbili, na hilo si kosa.

Kwa wanaonunua vitu karibu na Mwaloni Kirumba au katika masoko mengine ya pwani ya ziwa kuna tahadhari ya pekee. Rafu moja huuza oili ya magari na oili ya injini za boti zinazochanganya oili na petroli. Hizi za boti, ambazo mara nyingi huwa na alama ya TC-W3, zimetengenezwa ili ziungue pamoja na petroli na hazina uwezo wa kukaa miezi ndani ya injini ya gari. Makopo hufanana. Soma kabla ya kulipa.

Je, umri unadai oili nzito?

Sasa turudi kwenye uji mzito. Imani kwamba gari kuukuu linataka oili nzito haikuzuka bure. Katika injini iliyokwisha kulika, nafasi kati ya beringi na krenki hupanuka, oili huponyoka kwa urahisi, na presha hushuka. Oili nzito huponyoka polepole, hivyo presha hurudi kidogo na kelele hupungua. Mwenye gari huondoka gereji akitabasamu. Tatizo ni kwamba beringi iliyolika imebaki imelika. Kelele ile ilikuwa taarifa, na taarifa imefunikwa.

Umri peke yake hauthibitishi kulika. Tumeona magari yenye kilomita zaidi ya 250,000 yaliyotunzwa ambayo injini zake hazipunguzi oili yoyote ya kutajika, na mengine yenye nusu ya hizo yakitoa moshi kama tanuri la matofali. Kinachopaswa kuamua ni kipimo, na kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke, vuta kijiti, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Jaza hadi alama ya juu, andika tarehe na kilomita. Baada ya kilomita 1,000, yaani takriban safari mbili za kwenda na kurudi Musoma na mizunguko ya mjini juu yake, pima tena kwa utaratibu uleule, kisha ongeza oili kidogo kidogo hadi alama ya juu ukihesabu kiasi ulichoongeza.

Tuseme umeongeza nusu lita. Hiyo si hali ya kutisha, na baadhi ya watengenezaji huihesabu hata lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa kikomo kinachovumilika. Lakini piga hesabu hadi mwisho. Injini ya IST hubeba takriban lita 3.7 pamoja na filta. Kwa mwendo huo, katika kilomita 5,000 za kusubiri sevisi ijayo itapoteza lita mbili na nusu, na zitabaki lita moja na kidogo. Kiasi hicho kwenye kona humwagikia upande mmoja wa sampo, pampu hunyonya hewa, na taa nyekundu huwaka. Gari likinyooka, oili hurudi na taa huzimika. Mwalimu wetu aliposikia hesabu hii alinyamaza kitambo. Taa ile haipimi wingi wa oili bali presha yake, na inapowaka injini imeshaanza kukosa ulinzi. Simama pembeni ya barabara, zima injini papo hapo, na usiiwashe tena hadi umepima kijiti. Hakuna mji ulio karibu kiasi cha kustahili kufikiwa na taa hiyo ikiwaka.

Oili ikipungua, tafuta kwanza inakokwenda. Huenda inavuja: tazama chini ya gari asubuhi, tazama ukingo wa kifuniko cha valvu, tazama filta. Gasketi ya kifuniko cha valvu hukauka na kuwa ngumu kama gome, na kuibadilisha ni kazi nyepesi isiyohusiana na uzito wa oili. Isipovuja, inaungua. Moshi wa buluu unaotoka mara tu baada ya kuwasha gari lililolala, kisha ukakoma, kwa kawaida huashiria sili za valvu. Moshi wa buluu unaozidi unapokanyaga mafuta mlimani huashiria ringi za pistoni. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti ni jambo jingine kabisa. Maji ya rejeta yameingia humo, na hakuna oili ya duka lolote itakayolitibu.

Ukishapima, chaguo huwa jepesi. Injini isiyopunguza oili kwa kiasi cha kutajika, isiyogonga na isiyowasha taa iendelee na daraja lililoandikwa na mtengenezaji, hata kama gari limetimiza miaka ishirini. Injini inayopunguza oili, na ambayo mivujo yake imeshughulikiwa, yaweza kupandishwa ngazi moja: kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 au 10W-40, huku ukipima tena kilomita 1,000 zinazofuata ili uone kama kuna nafuu. Vitabu vingi vya magari huruhusu ngazi hiyo kwa nchi za joto. Ama 20W-50, tunaiona kuwa na nafasi yake halali katika injini za zamani zilizobuniwa kwa oili ya uzito huo, na katika injini iliyokwisha kuchoka ambayo mwenyewe anajua kwamba anaisukuma hadi apate fedha za kuifungua. Asiye katika hali mojawapo kati ya hizo mbili hana sababu ya kuinunua.

Zipo pia oili zinazotangazwa kuwa za magari yaliyotembea sana, kwa kawaida yaliyozidi kilomita 120,000. Si hila ya biashara tupu. Nyingi huwa na viambato vinavyolainisha sili zilizokauka, na mnato wake hukaa sehemu ya juu ya daraja lake. Kwa sili inayotoa jasho zinaweza kufaa, lakini kwa sili iliyochanika hazifai kitu. Na kuhusu hofu kwamba oili ya sintetiki hupasua injini kuukuu, tunasema hivi: oili hiyo haitoboi sili nzima, ingawa huweza kuosha tope lililokuwa limeziba mahali palipokwisha kuharibika, na mvujo uliofichika ukaonekana. Kwa injini ambayo historia yake huijui, anza na oili ya kawaida au nusu sintetiki yenye daraja zuri, ibadilishe mapema, kwa mfano baada ya kilomita 2,000, pamoja na filta, kisha uendelee kila kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Teksi inayosimama muda mrefu injini ikiunguruma isingoje kilomita 5,000, kwa kuwa saa za kusimama hazihesabiwi na odometa.

Odometa nayo haipaswi kuaminiwa kwa macho tu. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huwa na vibandiko vidogo vya sevisi, kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, vilivyoandikwa tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Kibandiko kikisema gari lilikuwa na kilomita 140,000 na dashibodi ikisema 78,000, umeshajua la kufanya kabla ya kununua.

Kopo, muuzaji na risiti

Oili inaweza kuwa na jina sahihi, uzito sahihi na daraja sahihi, na bado ndani ya kopo kukawa na oili chafu iliyochujwa. Njia ya udanganyifu huu ni fupi: makopo matupu ya kampuni zinazojulikana hukusanywa gereji, huoshwa, hujazwa na kufungwa upya. Rangi na harufu havikusaidii. Oili iliyochujwa vizuri hung'aa, na oili halali yaweza kuwa nyekundu, ya dhahabu au ya kijani kulingana na rangi aliyotia mtengenezaji. Kadhalika oili kuwa nyeusi kwenye kijiti baada ya majuma machache si ushahidi wa ubovu, kwa maana oili inayosafisha ni lazima ichafuke.

Yanayosaidia ni mambo ya kawaida. Nunua oili mwenyewe dukani, kwa muuzaji mwenye mahali pa kudumu, badala ya kumpa fundi fedha aende kukuchukulia. Kagua kizibo: pete yake ya usalama iwe haijakatika, na karatasi au foili iliyo chini yake iwe imeshikana sawasawa. Tafuta namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa, na kama kopo lina namba sehemu mbili, zilinganishe. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine matatu ya mtaa huohuo ijieleze kwanza. Dai risiti ya EFD inayotaja jina la oili, uzito na idadi ya lita, kwa sababu risiti iliyoandikwa "vipuri" tu haina msaada mbele ya mdhibiti. Fungua kopo gari likiwa mbele yako, simama hadi limiminwe, na urudi nalo nyumbani. Linapokuwa halihitajiki tena, litoboe kabla ya kulitupa. Mafundi waaminifu, nao ni wengi, hawachukizwi na mteja anayesimama kutazama.

Swali la makopo linafungamana na swali la oili iliyomwagwa. Oili chafu ni taka hatarishi, na NEMC inasimamia sheria inayodai ikusanywe na wenye kibali. Gereji zinazoimwaga mtaroni huipeleka ziwani, kwa kuwa mitaro mingi ya katikati ya jiji huishia Mto Mirongo, na Mirongo huishia Ziwa Viktoria, ambamo MWAUWASA huchota maji yetu ya kunywa kule Capri Point. Wengine huipaka mbao kuzuia mchwa. Wengine huiuza kwa lita, na hapo ndipo mnunuzi anastahili kuulizwa anaipeleka wapi. Kabla ya kukabidhi gari, muulize fundi oili yako ya zamani itawekwa katika chombo gani na itachukuliwa na nani. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu gereji hiyo.

Pale unaposhuku

Biashara ya vilainishi iko chini ya udhibiti wa EWURA, viwango vya ubora viko chini ya TBS, na FCC hushughulikia bidhaa bandia kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, pamoja na upotoshaji wa walaji kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mlaji hana haja ya kujua kwanza lalamiko lake ni la nani kati ya hao. Afike ofisi ya kanda iliyo karibu naye, na lalamiko litaelekezwa.

Aje na kopo lenyewe, pamoja na oili iliyobaki kama ipo. Kama oili yote imo ndani ya injini, asimruhusu fundi aimwage kabla ya kuchukua nusu lita katika chupa safi na kavu, isiyowahi kubeba petroli wala soda, iliyoandikwa tarehe, kilomita na namba ya gari. Aje na risiti, na kama gari limeharibika, aje na maelezo ya fundi aliyeifungua injini, yakieleza alichokikuta na si anachokidhani. Sehemu zilizoharibika zihifadhiwe. Kila kimojawapo kikikosekana, lalamiko hudhoofika, na vikikosekana vyote linakuwa masimulizi.

Mwalimu wa Buswelu alinunua ile injini iliyotumika. Alipopita tena ofisini, safari hii bila bahasha, alitaka tumkagulie daftari dogo analoliweka katika mfuko wa mlango wa gari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe, kilomita, 5W-30, SN, lita 3.7, jina la duka, na risiti iliyobandikwa kwa gundi. Chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni, alikuwa ameandika: baada ya 1,000, pungufu robo lita, gasketi ya kifuniko ibadilishwe Jumamosi.